Povu Lililobaki Kwenye Kopo

Jioni, nikishamaliza kuosha masufuria, akina mama hunijia hapa kibandani Mikumi na kuniuliza jambo lilelile: mkojo wa mtoto una povu, je, ni figo? Madereva wa malori wanaokula kwangu wakielekea Tunduma nao huuliza, ila wao huzunguka kwanza, wakimsingizia rafiki. Mimi si daktari. Ni mama lishe. Lakini nimeuguza mtoto aliyevimba hadi macho yakafumba, na leo mtoto huyo anakimbia na wenzake, kwa hiyo watu wanaamini ninacho cha kuwaambia. Ninacho. Nakiandika kwa sababu wengi wa wilaya yetu ya Kilosa wanahangaika na swali hili kwa wiki na miezi, na kumbe sehemu kubwa ya jibu lake hupatikana kwa kijiti chembamba kinachochovywa kwenye mkojo na kusomwa baada ya dakika moja hivi.

Aliyeliona povu kwanza ni bibi yake. Wakati ule mwanangu alikuwa na miaka minne na alikaa na mama mkwe wangu Kilosa, upande wa Mkondoa, maana kazi ya kupikia wasafiri huanza kabla ya adhana na mtoto mdogo hawezi kulelewa kando ya moto na malori. Baba yake alikuwa kibarua kwenye ujenzi wa reli ya kisasa, huko milimani kwenye mahandaki. Usiku mtoto alikojoa kwenye kopo. Asubuhi moja bibi alipokwenda kulimwaga akakuta povu jeupe limetanda juu, zito, halijavunjika tangu usiku. Akamwaga, akanyamaza. Kesho yake likawepo tena. Alipoliona mara ya tatu akanipigia simu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, acha hizo sufuria uje. Mjukuu wangu mkojo wake si mkojo. Na akiamka macho hayafunguki vizuri."

Nikapanda gari la Kilosa. Nilipofika jua lilikuwa limeshapanda na macho yake yalikuwa yamefunguka, anacheza uani, ukimtazama hivihivi huoni kitu. Nilipomvua soksi ndipo nilipoona mpira umezama kwenye nyama. Nikabonyeza mguu kwa kidole gumba. Shimo likabaki pale. Ugonjwa huu una tabia hiyo: usiku mtoto akilala maji hupanda usoni, mchana akisimama hushuka miguuni, hivyo anayemwona saa nane mchana haoni alichokiona bibi saa kumi na mbili asubuhi.

Kila mtu alikuwa na jina lake la ugonjwa. Jirani mmoja alisema minyoo. Mwingine alisema kwashakoo, tumpe mayai na maziwa. Mwingine alisema kichocho, maana watoto wa huku hawatoki mtoni wala kwenye majaruba ya mpunga. Hilo la kichocho lilikuwa na akili ndani yake, kwa sababu tunaishi nacho na watoto shuleni humezeshwa dawa zake. Lakini kichocho cha kibofu hujulisha kwa damu, hasa mwishoni mwa mkojo, na mkojo wa mwanangu ulikuwa wa njano tu wenye povu. Palikuwa na waliosema mtoto amechezewa. Sikuwajibu hao, na mama mkwe hakuwajibu, ila ninajua nyumba ambazo maneno hayo yamekula akiba yote ya mavuno.

Zahanati tuliyoanzia, ambayo sitaitaja, walimtazama, wakatupa dawa ya minyoo na vidonge vya UTI. Mkojo haukupimwa. Nataka niseme kidogo juu ya neno hilo UTI, kwa sababu limekuwa jina la kila kitu. Mgongo ukiuma ni UTI, mkojo ukibadilika rangi ni UTI, na duka la dawa liko pale jirani na vidonge vyake. Maambukizi ya njia ya mkojo yapo kweli na yanatesa: mkojo unachoma, unakwenda kila mara na unatoa kidogo, chini ya kitovu panauma, pengine na homa. Povu peke yake si dalili yake. Mtoto anayevimba huku mkojo ukitoa povu akipewa vidonge vya UTI bila kupimwa, wiki zinapotea, na wiki hizo kwetu zilionekana mwilini. Tumbo lilijaa. Sehemu zake za siri zilivimba. Mkojo wenyewe ukawa kidogo, akilia kwa kiu. Mama mkwe akauza gunia la mpunga alilolitunzia mbegu, akasema mbegu zitatafutwa, tukaondoka naye kwenda hospitali.

Muuguzi wa pale nitamkumbuka maisha yangu yote. Hakungoja foleni ifike. Alimtazama mtoto usoni, akatupa kikopo, na kijiti kilipotoka kwenye mkojo kile kisanduku kidogo cha protini, ambacho huwa cha njano, kiligeuka kijani kilichokolea. "Plasi tatu," akasema, akaandika. Kisha mtaalamu wa maabara akaniita nione mwenyewe. Alitia mkojo kwenye kichupa kirefu cha kioo, akachemsha sehemu ya juu kwenye moto, na sehemu hiyo ikaganda nyeupe kama ute wa yai unaoiva. Akaniambia, mama, hii ni protini ya damu ya mtoto wako. Hii ndiyo inayotoa povu.

Nilieleweshwa hivi, na tangu siku hiyo nimewaeleza wengi. Kila figo ina vichujio vidogo vinavyokaribia milioni moja. Damu hupita humo, maji na taka hutoka kuwa mkojo, na vitu vikubwa ambavyo mwili unavihitaji hubaki. Kimojawapo ni protini iitwayo albumini. Mtu mzima mwenye afya hupoteza protini kidogo sana kwa siku, chini ya miligramu 150. Vichujio vikiharibika albumini hupita, na katika ugonjwa kama wa mwanangu mtu mzima hupoteza zaidi ya gramu 3.5 kwa siku. Protini kwenye maji hufanya mapovu yasivunjike upesi. Na kwa kuwa albumini ndiyo inayoyashikilia maji ndani ya mishipa ya damu, ikipungua maji huvuja kwenda kwenye nyama, ndipo macho, miguu na tumbo hujaa. Vipimo vya damu vilionyesha albumini iko chini na kolestero iko juu. Nilishangaa hilo la kolestero, mtoto anayekula ugali na mboga aipate wapi? Wakaniambia ini, likihangaika kufidia protini inayopotea, hutengeneza na mafuta mengi.

Ugonjwa wenyewe wanauita sindromu ya nefrotiki. Kwa watoto wadogo, mara nyingi vichujio vinalegea bila figo kuoza, na wengi wao husikia dawa iitwayo prednisoloni. Maneno hayo, "wengi wao husikia dawa", ndiyo niliyoyashika. Sikushika mengine siku ile.

Kabla ya kumwanzishia dawa walihakikisha hana kifua kikuu, wakampa dawa ya minyoo kwa mpango, maana prednisoloni hushusha kinga ya mwili na kilicholala ndani kinaweza kuamka. Kisha ikaanza: kila asubuhi baada ya chakula, kwa wiki kadhaa, baadaye siku moja ndiyo siku moja hapana, na kupunguzwa taratibu. Nilionywa nisije nikaikatisha ghafla hata mtoto akionekana mzima, kwa sababu mwili ukiizoea huacha kutengeneza homoni yake wenyewe. Nilionywa pia juu ya homa. Mtoto wa hivi akipata homa na tumbo likamuuma ni kukimbia hospitali saa hiyohiyo, usiku au mchana, kwani maji yaliyojaa tumboni yanaweza kuingia vijidudu. Akikaa na mwenye tetekuwanga, nitoe taarifa siku hiyo.

Chumvi ilikuwa vita ya peke yake. Mimi napika kwa kuuza, nyumba yangu inanuka kitunguu na ng'onda, na prednisoloni humpa mtoto njaa isiyo na mwisho. Alikuwa akinifuata jikoni analia. Nikajifunza kumkaangia nyanya za Doma kwa vitunguu na ndimu, bila chumvi, akala. Mayai na maziwa aliyoshauriwa na jirani hayakukatazwa, ila daktari alisema kumshindilia protini hakuzibi vichujio, ale kama watoto wengine. Uzito tuliupima kwenye mizani ya mfanyabiashara wa mpunga, kila asubuhi, na yule baba hakutudai hata shilingi.

Siku zikapita na mizani haikushuka. Uso ukawa wa duara kwa ajili ya dawa, watu wakasema amenenepa, amepona, muachishe. Mama mkwe akawajibu yeye. "Aliyeandika ndiye atakayefuta." Akawa mkali kuliko sisi sote juu ya vidonge vile.

Halafu usiku mmoja akaanza kukojoa. Kopo likajaa, likamwagwa, likajaa tena. Asubuhi bibi alilitoa nje kwenye mwanga, akaliinamia kwa muda mrefu, akaniita. Mapovu machache ya pembeni yalivunjika tukiyatazama. Akapiga vigelegele pale uani kwa ajili ya mkojo, na majirani wakatoka kuuliza nani amezaa. Ndani ya wiki hiyo maji yakashuka mwilini, nikaziona mbavu za mwanangu na vifundo vya miguu yake. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Namshukuru hadi leo.

Ugonjwa huu una kurudi. Mafua tu yaliweza kumrudisha kwenye povu, na alirudi. Tofauti ni kwamba tulikuwa na macho. Hospitali walinifundisha kupima nyumbani kwa mkojo wa kwanza wa asubuhi, kwa kijiti, na vijiti vikiisha kwa kuchemsha kwenye kichupa kama nilivyoonyeshwa maabara. Plasi tatu kwa siku tatu mfululizo ilikuwa na maana turudi kwa daktari, na tulirudi kabla mguu haujaanza kubonyea. Uchemshaji huu si jambo la kimaskini. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's, London, alichapisha kitabu kilichoonyesha kwamba wagonjwa waliovimba, ambao mkojo wao uliganda ukichemshwa, walikuwa na figo mbovu. Na yeye alitumia kijiko na mshumaa. Zaidi ya miaka elfu mbili kabla yake, Wagiriki wa shule ya Hippocrates walishahusisha mapovu juu ya mkojo na maradhi ya figo ya muda mrefu. Mama mkwe wangu hajasoma hata mmoja wao.

Aliporudiwa mara nyingi tulipewa rufaa ya Muhimbili. Bima ya afya ya CHF iliyoboreshwa, ambayo wakati huo kaya ya watu sita iliilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, ilitusaidia sana hadi ngazi ya mkoa, huko iliishia. Kikoba chetu kilinikopesha, baba yake akatuma posho, madereva wakachanga kwenye sahani. Safari za mwanzo zilikuwa za basi, mtoto kapakatwa njia nzima. Tangu treni ya umeme ianze mwaka 2024, kliniki ya Dar imekuwa karibu kwa watu wa Kilosa.

Sasa nirudi kwa wanaoniuliza, kwa sababu povu lao si moja.

Mkojo unaotoka kwa kasi, kibofu kikiwa kimejaa, hutoa povu ukigonga maji au sakafu. Choo kilichosuguliwa kwa sabuni ya unga hutoa povu kwa yeyote. Mtu aliyeendesha gari toka Tunduma bila kunywa maji, mkojo wake ukawa mzito wa rangi ya chai, huona mapovu. Anywe maji, apumzike, aangalie tena kesho. Mwanamume anaweza kuona povu baada ya tendo la ndoa kwa sababu ya mbegu zilizobaki njiani. Mapovu makubwa yanayopasuka ukiyatazama nayo kwa kawaida si kitu. Ninaowasukuma waende kupima ni wale ambao povu lao ni dogodogo, limepangana, linakaa dakika nyingi, na linarudi siku baada ya siku hata wakinywa maji. Hao wakiwa pia wamevimba uso au miguu, au mkojo umepungua, au umekuwa na damu au rangi ya soda nyeusi, au wanakosa pumzi wakilala, siwaambii kesho. Nawaambia sasa, na chakula nitawafungia.

Na kijiti kikionyesha protini mara moja, hiyo bado si hukumu. Homa kali, kazi nzito ya juani, mkojo mzito, vyote vinaweza kuleta alama kidogo ya kupita. Kipimo hurudiwa kwa mkojo wa asubuhi, ikibidi maabara inapima kiasi cha albumini, damu inapimwa kreatinini, na presha na sukari haziachwi.

Presha na sukari ndizo zinazonitia hofu kuliko yote, hasa kwa madereva. Kuna mmoja, mtu mzima, mcheshi, aliyekuwa akimeza diklofenaki za mgongo kila safari, amezinunua barabarani. Povu lake alilijua kwa muda, akilicheka. Nilimpeleka mwenyewe hadi mlango wa kliniki. Presha yake ilikuwa juu sana, sukari nayo juu, protini plasi mbili. Sasa anameza losatani, ambayo hushusha presha na pia hupunguza protini inayovuja, na zile za mgongo aliambiwa aziache, kwani zinaumiza figo. Lori bado analiendesha. Angengoja figo zife, angekuwa wa kusafishwa damu kwa mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, na hiyo si kazi ya mtu wa barabarani. Kupandikiza figo kupo nchini, Muhimbili tangu 2017 na Benjamin Mkapa Dodoma tangu 2018, lakini anahitajika ndugu wa kutoa na fedha za kuanzia.

Tena mwenye sukari au presha asingoje povu. Mwanzoni protini huvuja kidogo sana, mkojo unaonekana safi kabisa huku figo zikianza kuharibika. Yeye apimwe kila mwaka hata kama hajaona kitu. Kadhalika mwenye virusi vya ukimwi na mwenye selimundu, kwa sababu maradhi hayo nayo hufika kwenye figo.

Wajawazito nimewaweka mwisho, lakini kwa haraka wao ni wa kwanza. Wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi saba alipokuja kumtembelea mama yake Kilosa. Alilalamika kichwa, na pete haikutoka kidoleni. Mama mkwe alimwambia akojoe kwenye kopo, akaliangalia, akachukua mtandio wake. Hakubishana na mtu. Walipofika hospitali presha ilikuwa juu na protini ilikuwa plasi tatu: dalili za kifafa cha mimba kinachokaribia, kabla mtukutiko haujaanza. Alilazwa, akachomwa dawa ya kuzuia kifafa, na mtoto akazaliwa mapema, mdogo lakini anayelia. Mjamzito aliyepita wiki ya 20, kichwa kikimgonga, macho yakiona ukungu au chini ya mbavu pakiuma, povu liwepo lisiwepo, aende siku hiyohiyo. Na kwenye kila hudhurio la kliniki aangalie kadi yake, kama nafasi ya presha na ya mkojo imejazwa. Ikiwa tupu, aulize kwa upole na asiondoke. Wifi yangu alikuwa amehudhuria, na nafasi ya mkojo kwenye kadi yake ilikuwa na mstari tu.

Mwanangu yuko shule ya msingi hapa Mikumi. Dawa alimaliza, uso umerudi kuwa mwembamba, na daktari anasema watoto wengi wa ugonjwa huu huuacha wakifika utu uzima, ingawa anaweza kurudiwa bado. Vijiti vyake navihifadhi kwenye kichupa chake na kukifunga mara moja, maana unyevu wa jikoni unaviharibu na kikisoma uongo ni hatari. Mwezi uliopita alipata mafua. Tulipima asubuhi tatu mfululizo, na hakukuwa na protini. Jumamosi yake akaenda kwa bibi.